Klachi ya mafuta ikigoma: pima milimita kabla ya kushusha gia boksi

Gari limegoma katikati ya kilima cha Bugando, Mwanza. Gia ya kwanza haiingii, rivasi inalia, na nyuma daladala zinapiga honi. Fundi wa kwanza kufika atasema klachi imeisha, gia boksi ishuke. Huenda ni kweli. Lakini kushusha gia boksi ya Hiace au Hilux ni kazi ya nusu siku au zaidi, na ikishushwa ikakutwa pleti (sahani ya klachi) bado nene, hela ya ufundi hairudi. Nyingi ya dalili zinazoitwa "klachi imekufa" huletwa pia na mafuta, raba na upepo, vitu vinavyofikiwa bila kulegeza boliti hata moja ya gia boksi. Rula ya mwanafunzi inatosha kutenganisha ugonjwa wa nje na wa ndani.

Hapa tunazungumzia klachi ya mafuta matupu, kama ya Hiace, Hilux, Land Cruiser na Canter ndogo, ambayo masta yake ya chini (silinda inayopokea mafuta na kusukuma klachi) imefungwa ubavuni mwa gia boksi. Malori makubwa yanayosaidiwa na upepo wa kompresa yana mambo yake, na klachi ya waya nayo ina yake.

Kinachotokea mguu ukikanyaga

Pedeli husukuma pushi rodi, pushi rodi husukuma pistoni ya masta ya juu, mafuta ya breki hupita kwenye paipu ya chuma na hosi ya mpira hadi masta ya chini. Pistoni ya huko husukuma foki, foki husukuma rilizi beringi, na beringi hubonyeza vidole vya presha pleti hadi pleti iachie flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Ndani ya masta ya juu kuna kitobo chembamba kinachounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Pedeli ikiwa juu kabisa, kitobo kiko wazi. Pedeli ikishuka kidogo, raba hukipita na kukifunga, ndipo presha huanza. Kikumbuke kitobo hicho, tutakirudia.

Jambo moja husahaulika: mafuta yanayofanya kazi ni kidogo mno. Masta ya juu yenye tundu la milimita 15.87, pistoni yake ikitembea milimita 25, husukuma takribani mililita 5. Ni kijiko kimoja cha chai. Upepo wa mililita moja ukijificha humo, unabonyea badala ya kusukuma, na unakula sehemu ya tano ya mwendo wote. Ndiyo maana klachi haivumilii hata kibofu kidogo cha upepo.

Kipimo cha kwanza

Zima injini. Jaribu gia zote. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, klachi haihusiki. Tazama rodi za gia, bushi zake na gia boksi yenyewe. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwaka, klachi haiachii, endelea.

Inua kapeti ya dereva. Kapeti iliyojikunja chini ya pedeli huiba sentimita nzima, na ni aibu kuigundua baada ya kununua masta mpya.

Sasa chini ya gari. Mwanza sehemu iliyo tambarare hutafutwa, kwa hiyo weka mawe pande zote mbili za matairi, vuta hendibreki, na kama gari limeinuliwa likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Weka alama ya chaki kwenye rodi ya masta ya chini, shikilia rula pembeni, mwenzako akanyage hadi mwisho. Kwenye magari mengi ya aina hii rodi hutembea kama milimita 12 hadi 16, ingawa kitabu cha gari husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Kisha ashikilie pedeli chini kwa nusu dakika huku ukiangalia ile alama.

Rodi ikitembea milimita 7 au 8 tu, tatizo liko upande wa mafuta au pedeli. Ikitembea vizuri lakini ikaanza kurudi polepole wakati mguu bado uko chini, raba inavujisha kwa ndani. Ikitembea kiasi chake na kubaki palepale, huku gia bado zinakwaruza, hapo fundi wa kushusha gia boksi ana haki: foki imepinda au imepasuka, pleti imepinda, meno ya shafti yana kutu, au beringi ndogo ya katikati ya flaiwili imegoma.

Pedeli inazama, kikopo kimejaa

Mafuta hayapungui, hakuna tone sakafuni, lakini kwenye foleni ya Mabatini dereva akishikilia klachi gari linaanza kutambaa lenyewe. Raba ya mbele ya masta ya juu imechoka, na mafuta yanaipita kurudi nyuma badala ya kushuka. Thibitisha hivi: kanyaga kwa haraka, gia inaingia, kanyaga taratibu kabisa, haiingii. Raba iliyochoka huziba kwa kishindo na kuvujisha kwa upole. Upepo hauna tabia hiyo. Upepo hufanya pedeli iwe kama sponji, na ukiipampu mara nne tano inapanda na kuimarika, kisha baada ya muda inalegea tena.

Kuna kisababishi cha tatu ambacho hakina uhusiano na mafuta: pini inayounganisha pedeli na pushi rodi. Tundu lake likilika na kuwa umbo la yai, kila milimita ya uchezeaji hapo ni mwendo uliopotea kabla pistoni haijaguswa. Shika pushi rodi kwa vidole uitikise. Pini na bushi ni spea ya bei ndogo kuliko zote katika mfumo huu, na husahaulika kuliko zote.

Mafuta yanapungua

Kikopo kikishuka, mafuta yameenda mahali. Sehemu ni chache. Pitisha mkono juu ya pedeli, pale pushi rodi inapoingia kwenye ukuta unaotenganisha dereva na injini: pakiwa pamelowa au rangi imebanduka, raba ya nyuma ya masta ya juu imekwisha. Chini ya gari, vuta pembeni kofia ya vumbi ya masta ya chini. Unyevu mwepesi si kesi, lakini mafuta yakidondoka raba imekufa. Halafu fuata hosi ya mpira mwanzo hadi mwisho, hasa inapokaribia ekzosi, na paipu ya chuma kwenye vishikizo vyake ambapo kutu huanzia.

Ukiona mafuta yanadondoka kwenye nyumba ya klachi, usiyahukumu kwa macho. Chukua tone kwa kijiti, liweke kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji na kupotea. Oili ya injini au ya gia boksi huelea na kutanda. Ikielea, masta ya chini haina kosa: ni sili ya krenki au sili ya shafti ya gia boksi, na hapo gia boksi lazima ishuke, maana oili ikifika kwenye pleti klachi itateleza na kutetemesha gari linapoondoka.

Kwenye baadhi ya magari klachi na breki hutumia kikopo kimoja. Mrija wa klachi hutoka juu zaidi, ili mafuta yakivuja klachi ife kwanza na breki zibaki na akiba. Klachi ikifa ghafla kwenye gari la namna hiyo, angalia breki kabla ya kusogea hata mita moja.

Klachi inateleza

Injini inapandisha sauti, gari haliongezi mwendo. Huonekana zaidi gari lenye mzigo likipanda, kwa mfano pikapu ya dagaa ikitoka Mwaloni, au likiondoka kwenye feri ya Kamanga kupanda ngazi ya kutokea. Jaribu mahali tambarare: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achia klachi kwa kuongeza moto (eksileta) kidogo. Klachi nzima huzima injini papo hapo. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Jaribu mara moja tu, kila jaribio linaunguza pleti.

Wengi hapa huhukumu pleti moja kwa moja, na mara nyingi huwa wako sahihi, hasa kama kuna harufu ya kuungua. Lakini kuna mteleza wa pili, na ndiyo sababu ya kukumbuka kile kitobo. Pushi rodi ikirekebishwa ikawa ndefu kupita kiasi, pistoni hairudi hadi mwisho na kitobo hakifunguki. Mafuta yakipata moto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma masta ya chini kana kwamba kuna mguu juu ya pedeli. Asubuhi gari zima, saa saba mchana linateleza, jioni zima tena. Mteleza unaofuata joto la siku namna hiyo, usinunue pleti kabla ya kufanya jaribio lifuatalo.

Gari likiwa linateleza, zima injini, na bila mtu kugusa pedeli fungua nipo ya upepo (kiboliti chenye tundu cha kutolea upepo) kwenye masta ya chini. Mafuta yakiruka kwa nguvu na rodi ikarudi nyuma, presha ilikuwa imenaswa. Funga, endesha mpaka dalili irudi, kisha safari hii legeza nati ya paipu kwenye masta ya juu. Presha ikitokea hapo na rodi ikarudi, kosa ni la masta ya juu: pushi rodi ndefu, kitobo kimeziba, au raba imevimba. Isipotokea hapo lakini ikatokea chini kwenye nipo, hosi ya mpira imevimba kwa ndani na inaruhusu mafuta kwenda bila kuyarudisha. Hosi hiyo ukiitazama nje ni nzima kabisa.

Marekebisho ya pushi rodi hufanywa kwa kidole. Bonyeza pedeli polepole: unapaswa kuhisi uchezeaji wa milimita 1 hadi 5 kabla pushi rodi haijagusa pistoni, na kwa jumla milimita 5 hadi 15 kabla pedeli haijaanza kuwa nzito. Hivyo ndivyo Toyota nyingi zilivyo. Legeza loknati, zungusha rodi, kaza, pima tena. Kumwongezea dereva "klachi ya juu" kwa kurefusha pushi rodi ni kumpa shida ya kesho.

Pedeli ngumu, au haitaki kurudi

Ugumu unaokuja taratibu kwa miezi mara nyingi ni pleti inayokwisha, kwa sababu vidole vya presha pleti hubadilisha mkao kadiri pleti inavyopungua unene. Ugumu wa ghafla: bushi za pedeli zimekauka, kichwa kinachobeba foki kimekosa grisi, au hosi imebanwa. Pedeli inayobaki chini na kuhitaji kuvutwa kwa kidole cha mguu ina springi iliyokatika, upepo mwingi, au raba zilizovimba.

Raba zilizovimba zina chanzo kimoja kikuu: mtu ameongeza oili ya injini, ya gia au ya haidroliki. Raba za mfumo huu zimetengenezwa kwa mafuta ya breki na haziwezi oili ya madini. Huvimba, hulainika na kunasa. Kikopo kikishaingiwa na oili hakuna kuosha na kuendelea. Raba zote mbili, juu na chini, pamoja na hosi, zibadilishwe, na paipu ya chuma isafishwe kwa spiriti. Maji ya sabuni, dawa ya barabarani ya wasio na hela, hayavimbishi raba lakini yanaotesha kutu kwenye silinda. Ukiyatumia kufika nyumbani, yatoe siku hiyohiyo.

Mafuta gani

Soma kifuniko cha kikopo. Magari mengi tuliyotaja yanataka DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki), na DOT 4 inaingiliana nayo bila madhara. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo. Magari machache ya Ulaya hutumia mafuta ya madini kwenye klachi, na kwa hayo kosa linageuka: mafuta ya breki ndiyo yanayoharibu raba.

DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji kiwango cha chini kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Hunyonya maji hewani, hata kupitia mpira wa hosi, na kando ya ziwa unyevu haukosekani. Chupa iliyofunguliwa ikakaa mwaka kwenye rafu ya gereji si akiba tena, imwage. Badilisha mafuta ya mfumo kila baada ya miaka 2. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mara moja, usifute kwa kitambaa kikavu.

Spea isiyolingana

Hili huwachanganya hata mafundi wazoefu. Masta ya chini imebadilishwa, mpya kabisa, upepo umetolewa mara tano, gia bado zinakwaruza. Tazama namba iliyochorwa kwenye mwili wa masta: 5/8, 3/4, 13/16, 7/8. Ni kipenyo cha tundu kwa inchi.

Chukua masta ya juu ya 5/8 yenye mwendo wa milimita 25. Ikisukuma masta ya chini ya 13/16, rodi ya chini hutembea milimita 14.8. Mwuza spea akikupa 7/8 kwa sababu "inafanana", matundu ya boliti yanakaa sawa, hosi inaingia, lakini rodi sasa hutembea milimita 12.8. Milimita mbili zimepotea bila tone kuvuja, na pedeli imekuwa laini hadi dereva anafurahi. Ukipewa 3/4, mwendo unazidi hadi 17.4: pedeli nzito, na vidole vya presha pleti vinabonyezwa kupita mpaka wake. Beba masta ya zamani dukani, na usitoke Igoma au Nyakato kabla hujalinganisha namba na urefu wa rodi.

Ukiamua kubadilisha raba tu, tundu ndilo linaloamua. Pitisha ukucha ndani ya silinda. Kikwaruzo kinachonasa ukucha, au mashimo ya kutu, vitakula raba mpya ndani ya wiki chache. Magari yanayoshuka ufukweni kuvuta mitumbwi hufa hapo: mchanga hupenya kofia ya vumbi iliyopasuka na kusaga masta ya chini. Raba mpya ioshwe na kupakwa mafuta ya breki, si petroli wala grisi ya beringi, na mdomo wake utazame upande wa presha.

Kutoa upepo

Andaa chupa ya mafuta ya mililita 500, spana namba 8 au 10 kulingana na nipo, mpira mwembamba wa kuonesha ndani, na chupa ya plastiki yenye mafuta kidogo ili ncha ya mpira izame. Kabla ya yote hakikisha nipo iko juu kuliko mdomo wa hosi. Upepo hupanda, masta iliyofungwa kichwa chini haitatoka upepo hata ukipampu hadi jua lizame Capri Point.

Fundi chini, konda juu kwenye pedeli, na maneno ni manne tu.

"Kanyaga taratibu, konda."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo." Nipo inafunguliwa robo mzunguko, mafuta yanatoka na povu, pedeli inazama. Nipo inafungwa. Hapo ndipo: "Achia."

Konda akiachia kabla nipo haijafungwa, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya. Asipampu kwa fujo, maana povu linasagika kuwa vibofu vidogo visivyotoka. Jaza kikopo kila baada ya mikanyago mitano. Kikikauka mara moja umeingiza upepo kutoka juu. Endelea mpaka mpira uonyeshe mafuta safi yasiyo na kibofu.

Kama pedeli bado ni sponji, fungua boliti mbili za masta ya chini bila kutoa hosi, igeuze mdomo wa hosi uelekee juu, sukuma rodi ndani hadi mwisho kwa mkono, na uone vibofu vikipanda kwenye kikopo. Mtu yeyote asiguse pedeli wakati masta inaning'inia, pistoni itaruka nje. Njia nyingine ni kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu kwa bomba kubwa la sindano lililounganishwa kwenye nipo. Upepo unapanda wenyewe, wewe unausaidia tu. Punguza kwanza mafuta kwenye kikopo yasifurike.

Gari lililolala karibu na maji

Gari limeingia ziwani hadi ekseli kushusha boti, kisha limelala wiki tatu. Likiwashwa, klachi haiachii kabisa, ingawa rula inaonesha milimita zake zote. Pleti imeshikamana na flaiwili kwa kutu. Kabla ya kushusha gia boksi, pasha injini moto, tafuta eneo wazi lisilo na watu mbele wala nyuma, weka gia ya pili, kanyaga klachi hadi mwisho, piga stata na gari litaondoka, kisha kanyaga na kuachia moto kwa vishindo vifupi huku klachi ikiwa chini. Mara nyingi hubanduka kwa mlio mmoja. Mguu mwingine ukae tayari kwenye breki, na ikigoma baada ya majaribio matatu iache, meno ya pleti yatakatika.

Kazi yoyote iliyofanyika, rudia rula kwenye rodi ile ile uliyoipima mwanzo na uandike namba mpya. Kisha washa injini, kanyaga klachi, hesabu hadi tano, weka rivasi. Ikiingia kimya, funga kofia ya vumbi ya nipo, jaza kikopo hadi mstari wa juu, na kesho asubuhi kabla ya safari tazama tena kama mstari umeshuka.